Windows mpya juu ya ileile, na bado kompyuta inazima

Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mafundi wa kompyuta hapa Mombasa wanaletewa mashine zenye kisa kimoja. Mwenye kompyuta amesikia mtaani kwamba Windows yake imekwisha muda. Ameipeleka kwa fundi, au amekaa nayo nyumbani akifuata video, akapiga Windows, yaani akaiweka upya, juu ya ileile iliyokuwamo. Mafaili yamebaki, programu zimebaki, hata picha ya nyuma ya skrini ni ileile. Zikapita siku chache, ikaanza: skrini inageuka buluu na kuandika maneno ya Kiingereza, au inaganda kipanya kisisogee, au mashine inazima puu kama iliyochomolewa kwenye stima. Wengine walikuwa na tatizo hilo tangu awali na Windows waliipiga kama dawa, wasipone.

Hapo ndipo maneno huanza. Huyu anasema fundi kamla pesa, yule anasema ni virusi, mwingine anashauri irudiwe tena, safari hii kwa fomati. Na kila mmoja anauliza: kama Windows ni mpya, inazimaje?

Ni swali la haki na lina jibu, ila jibu lenyewe halipatikani kwa kuirudia Windows mara ya tatu.

Tuondoe kwanza uvumi mmoja. Hakuna aliyeizima Windows 10 tarehe hiyo. Kilichokoma ni apdeti za bure na msaada wa Microsoft. Kompyuta yenyewe inaendelea kuwaka na kufanya kazi, na kwa watumiaji wa nyumbani uliwekwa mpango wa nyongeza wa apdeti za usalama hadi 13 Oktoba 2026. Kukaa na mfumo usiopata apdeti ni hatari kwa sababu ya wadukuzi, lakini hakuifanyi mashine izime ghafla. Kompyuta yako ikianza kugoma wiki ileile uliyosikia habari hizo, sababu itafute kwingine.

Maneno tutakayoyahitaji

Mfumo endeshi ni programu kubwa inayosimamia kompyuta nzima: Windows, macOS, Linux. Ndio unaogawa kumbukumbu, unaosoma diski, unaoamua programu ipi ipewe prosesa, ile chipu inayofanya hesabu za kompyuta, na kwa muda gani. Draiva ni programu ndogo inayouwezesha mfumo endeshi kuelewana na kifaa fulani, kama kadi ya picha, waifai au printa. Draiva nyingi haziandikwi na Microsoft. Huandikwa na kampuni iliyotengeneza kifaa, na nyingi hukaa ndani kabisa, kwenye kiini cha Windows, mahali ambapo kosa dogo laweza kuuangusha mfumo mzima.

Na ninaposema mfumo umegoma, sizungumzii Word iliyojifunga yenyewe au kivinjari kilichokataa kufunguka. Hiyo ni programu moja iliyokosea huku nyingine zikiendelea. Mfumo umegoma pale kompyuta nzima inaposimama.

Skrini ya buluu, ambayo tangu 2025 Windows 11 imeanza kuionyesha kwa rangi nyeusi, inaogopwa kuliko inavyostahili. Windows imegundua ndani ya kiini chake jambo ambalo halikupaswa kutokea, ikaamua kusimama kabla haijaandika takataka kwenye diski yako. Skrini hiyo haiunguzi kitu wala haiharibu kompyuta. Zaidi ya hapo, kabla ya kusimama huacha ushahidi, na ushahidi huo ndio watu wengi wanaoufuta kwa haraka ya kupiga Windows tena.

Kupiga Windows ni kazi zaidi ya moja

Mtu akikwambia amekupigia Windows, muulize kwa njia gani, kwa sababu zipo njia tatu na matokeo yake ni mbalimbali. Ya kwanza ndiyo inayotuhusu leo: kuweka Windows juu ya ileile. Unaanza ukiwa ndani ya Windows inayowaka, unafungua flashi au faili la ISO, yaani faili moja lenye nakala nzima ya Windows, unabofya setup.exe, kisha unachagua kubaki na mafaili pamoja na programu. Windows 11 za karibuni zina hata kitufe chake ndani ya mipangilio, kwenye sehemu ya urejeshaji, kinachopakua nakala na kuiweka juu ya iliyopo bila kuhitaji flashi. Njia ya pili ni kuirudisha kompyuta upya huku mafaili yakibaki: picha na nyaraka zinakaa, programu ulizoweka zinaondoka. Ya tatu ni kuwashia kompyuta kwa flashi na kufuta diski, na hapo hakibaki kitu.

Ipo nyingine isiyo rasmi, na ndiyo inayoliza watu. Fundi anawasha kwa flashi, hafomati, anaiweka Windows kwenye sehemu ileile ya diski. Mwenye mashine akirudi anakuta programu hakuna na mafaili hayaonekani. Usikate tamaa mapema. Windows ya zamani huwa imesukumwa kwenye folda iitwayo Windows.old ndani ya diski C. Ingia humo, fungua Users, kisha jina lako la zamani, utakuta nyaraka zako. Zinakili siku hiyohiyo, kwa kuwa folda hiyo haikai milele. Kwa njia ya kwanza, Windows hukupa siku 10 za kurudi ulikotoka, kisha huifuta yenyewe.

Nini hubadilika, nini husalia

Wenye mabanda ya makuti wa Nyali na Shanzu wanalijua hili. Makuti yakichakaa unayaezua, unaezeka mapya, na banda linapendeza. Lakini fundi wa makuti aliye mwaminifu, kabla hajafunga kuti la kwanza, hupanda juu akagonga boriti mojamoja kusikiliza kama zimeliwa na mchwa. Makuti mapya yakifungwa juu ya boriti iliyoliwa, yatakaa msimu, kisha paa litabonyea palepale lilipobonyea zamani. Windows iliyowekwa juu ya ileile ni makuti mapya. Boriti hazikuguswa.

Kinachobadilishwa ni mafaili ya Windows yenyewe. Kama stima ilikatika katikati ya apdeti na baadhi ya mafaili hayo yakaharibika, njia hii inaponya kwelikweli. Menyu isiyofunguka, apdeti zinazokataa kuingia, mipangilio inayojifunga: kwa magonjwa hayo ni dawa nzuri, na fundi anayeijaribu kabla ya kukufomatia diski anafanya kazi yake vizuri.

Kinachosalia ni kingi kuliko watu wanavyodhani. Draiva za kampuni nyingine huhamishwa kama zilivyo. Programu zako hubaki, pamoja na zile zinazojipenyeza hadi kwenye kiini: antivirusi, VPN, programu za kudhibiti feni au taa za kibodi. Mipangilio yako mingi hubaki. Na chini ya hayo yote kuna vitu ambavyo Windows yoyote, mpya au kuukuu, haiwezi kuvigusa: rami (vijiti vya kumbukumbu), diski, feni, chaja, bodi kuu.

Kwa hiyo, kama kazi ya kuweka Windows juu ya ileile imekamilika bila hitilafu na mashine bado inagoma, umeshajua jambo kubwa. Mafaili ya Windows yamepunguziwa lawama, na mkosaji yumo kwenye orodha ya vilivyosalia. Anayerudia kazi ileile mara ya pili anakagua mahali palipokwisha kukaguliwa.

Dunia nzima ilipewa mfano wa hili tarehe 19 Julai 2024. Kompyuta karibu milioni 8.5, kwa hesabu ya Microsoft, zilipiga skrini ya buluu kwa mpigo mmoja, ndege zikakaa chini na hospitali zikakwama. Windows ilikuwa nzima. Kilichokosea ni faili moja la apdeti ya programu ya usalama ya CrowdStrike, inayofanya kazi ndani ya kiini. Mafundi waliziponya mashine hizo kwa kuziwasha katika hali salama na kulifuta faili hilo. Hawakuhitaji kupiga Windows.

Mbona ilianza baada ya kupiga?

Hapa pana malalamiko ya kweli yanayostahili kusikilizwa. Wako watu ambao kompyuta zao hazikuwahi kugoma hata siku moja, na zilianza baada tu ya kupigwa Windows. Fundi anasema si kosa lake, mteja haamini. Mara nyingi wote wawili wana sehemu ya ukweli.

Sababu ya kawaida ni draiva. Windows ikishawekwa huenda mtandaoni kutafuta draiva, na inaweza kuleta ya kadi ya picha au ya waifai iliyo mpya zaidi au ya jumla zaidi kuliko ile iliyokuwa ikielewana na mashine yako. Laptopu nyingi zinazouzwa mjini kwetu zimeshatumika ng'ambo kabla ya kufika hapa, umri wake ni mkubwa, na kampuni iliyozitengeneza huenda iliacha kuziandikia draiva kitambo. Draiva mpya juu ya kifaa cha zamani huleta ugomvi.

Ya pili ni diski. Kuweka Windows ni kuandika gigabaiti nyingi kwa mkupuo, mahali pengi ambapo diski haijaguswa miaka. Diski iliyokuwa inakufa polepole hufichuliwa na kazi hiyo. Fundi hakuiua, ila ugonjwa ulijitokeza mikononi mwake. Ongeza na nafasi: Windows.old humeza gigabaiti kadhaa, na mashine yenye diski ndogo hubaki haina pa kupumulia.

Ya tatu haizungumzwi sana, nayo ni joto. Saa za mwanzo baada ya kuweka Windows, kompyuta ina kazi kubwa unayoweza usiione: inapakua apdeti, inapanga faharasa ya mafaili yote, inakagua virusi. Prosesa haipumziki. Feni iliyoziba vumbi, ambayo ilikuwa ikijitahidi ulipokuwa ukiandika barua tu, sasa inashindwa.

Mwisho kuna mkono wa fundi ndani ya BIOS, ile programu ya bodi kuu inayoamka kabla ya Windows. Ili flashi ikubali kuwaka, huenda alibadilisha mpangilio fulani na asiurudishe. Mpangilio wa namna kompyuta inavyoongea na diski ukibadilishwa, Windows hushindwa kuwaka na huandika INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Likitokea hilo mara tu baada ya kazi, mrudie fundi umuulize alibadilisha nini. Hujamvunjia heshima.

Soma dalili kabla ya kushika bisibisi

Kuna kugoma kwa aina tatu na kila aina inaelekeza upande wake. Ikiwa ni skrini yenye maandishi, piga picha kwa simu. Kila mara. Andiko unalolitafuta ni lile la herufi kubwa zilizounganishwa kwa vistari, na wakati mwingine chini yake jina la faili linaloishia na .sys. Ikija ileile kila mara, na faili lilelile, mshuku draiva: kwa mfano VIDEO_TDR_FAILURE pamoja na igdkmd64.sys inataja draiva ya picha ya Intel. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR maana yake vifaa vyenyewe vimeripoti kosa. KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR inasema Windows iliomba data ikashindwa kuisoma, na mara nyingi diski au waya wake ndio wa kuangaliwa kwanza. Lakini ikiwa maandishi yanabadilika kila mara, leo hili kesho lile, hisi yangu ya kwanza ni rami.

Ikiwa mashine inazima au kujiwasha upya bila kuandika chochote, fungua ukurasa wa historia ya uthabiti: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika perfmon /rel. Utaona siku kwa siku nini kiligoma, na kwa alama nyekundu. Ukiingia kwenye kumbukumbu za matukio (Event Viewer) ukakuta Kernel-Power 41 bila msimbo wowote wa skrini ya buluu, Windows inakwambia tu kwamba ilikatwa ghafla na haikupata nafasi ya kuaga. Watu husoma tukio hilo wakadhani ndilo ugonjwa, kumbe ni ripoti ya kifo isiyotaja sababu. Wa kushukiwa hapo ni stima, chaja, betri na joto.

Kuganda bila kuandika chochote ndiko kugumu zaidi, maana hakuachi kitu. Angalia taa ya diski kama mashine inayo. Ikiwaka bila kupepesa huku skrini imeganda, diski inahangaika.

Nilishuhudia thamani ya picha za simu kwenye saiba moja ya Mwembe Tayari, mwishoni mwa Juni, watu wakiwa foleni kuwasilisha ritani za kodi za KRA kabla ya tarehe 30. Mashine ya mezani ya mwenye saiba ilikuwa inazima wateja wakiwa katikati ya fomu. Alimwita kijana aliyemfanyia kazi.

"Mwanangu, si juzi tu umeipiga Windows hii?"

"Ndiyo mama, na nimeipiga juu ya ileile makusudi, vitu vyako visipotee."

"Mbona basi yazimika?"

Kijana hakujitetea. Aliomba simu ya mama, kwa sababu alikuwa amemwachia maagizo apige picha kila skrini ya buluu inapotokea. Picha ya kwanza ilisema MEMORY_MANAGEMENT, ya pili IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, ya tatu PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Akatikisa kichwa. "Hii si Windows, mama. Niruhusu niifungue."

Ndani mlikuwa na pamba ya vumbi na vijiti viwili vya rami. Alipokitoa cha pili akakigeuza kwenye mwanga wa mlango, yale meno ya dhahabu upande mmoja yalikuwa na madoa ya kijani, kama sarafu iliyosahauliwa mfukoni mwa nguo mbichi. Alivipangusa vyote kwa kitambaa kilicholowa spiriti safi, akasubiri vikauke, akarudisha kimoja peke yake na kuwasha kipimo cha kumbukumbu kutoka kwenye flashi. Kikapita. Akakitoa, akaweka kile chenye madoa, na mistari myekundu ya makosa ikaanza kushuka skrini nzima. Mama alibaki na kijiti kimoja. Mashine ikawa nzito kidogo, lakini foleni ikasogea.

Madoa yale ni jambo la mji wetu. Hewa yetu ina chumvi na unyevu mwaka mzima, na vyuma vyembamba vya ndani ya kompyuta hushika kutu haraka kuliko vya mtu aliye bara. Msimu wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, joto huongezea. Prosesa nyingi za Intel zimewekewa kikomo cha karibu nyuzi 100 za Selisiasi. Zikikaribia hapo hujipunguzia kasi, na joto likizidi hujizima ili zisiungue. Laptopu inayotumiwa juu ya godoro, matundu ya chini yakiwa yamezibwa na shuka, hufika huko bila shida. Kabla ya kulaumu Windows, iinue, iweke juu ya meza, isafishe feni, uone kama itakaa.

Na stima. Laptopu yenye betri nzima huvumilia umeme unaopanda na kushuka, mashine ya mezani haivumilii. Kwa hiyo kazi ya kuweka Windows isianzwe kwenye mashine ya mezani bila UPS, ile betri ya akiba, wala isianzwe tokeni za stima zikiwa zimebaki chache. Naliandika hili kwa uzito: kukatika kwa umeme katikati ya kazi hiyo ni njia rahisi ya kupata Windows iliyoharibika tangu siku ya kwanza.

Mpangilio wa kutafuta mkosaji

Kabla ya yote, nakili mafaili yako mahali pengine, kwenye diski ya nje au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kompyuta inayogoma inaweza kuwa na diski inayokufa, na kila jaribio unalofanya linaitumia diski hiyo. Usianze hata na chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, kabla ya kunakili, kwa sababu inaweza kuichosha diski mbovu ikamalizika mikononi mwako.

Kisha chomoa kila kilichochomekwa ambacho si lazima: printa, flashi, kitovu cha USB, kamera. Washa upya. Na uwashe upya kwa kuchagua Restart, usizime na kuwasha. Tangu Windows 8, kuzima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili kuwaka kuwe kwa haraka, kwa hiyo kosa lililokuwamo hulala na kuamka nalo. Restart huanza upya kabisa.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haina gharama na inagawa tatizo mara mbili. Iwashe Windows katika hali salama: shikilia Shift huku ukibofya Restart, fuata mlango wa kutatua matatizo hadi mipangilio ya kuwaka, uchague Safe Mode. Hapo Windows hupakia draiva za lazima tu na kuacha programu nyingi nje. Iache ikae muda ambao kwa kawaida ingekuwa imeshagoma. Ikitulia, yaelekea mkosaji ni draiva au programu. Ikigoma hata humo, elekea kwenye vifaa.

Kwa upande wa draiva na programu, anza na antivirusi isiyo ya Microsoft. Iondoe kabisa, Windows ina kinga yake itakayojiwasha yenyewe. Ondoa VPN na programu za kuongeza kasi. Kisha nenda kwenye tovuti ya aliyetengeneza laptopu yako, tafuta modeli yako, chukua draiva za picha na za waifai kutoka hapo. Jiepushe na zile programu zinazoahidi kukutafutia draiva zote kwa mpigo. Hukisia, na zikikosea unaongeza tatizo juu ya tatizo.

Kuhusu virusi, ambavyo hulaumiwa kwa kila kitu: virusi vya leo hupenda kukaa kimya na kuiba, havifaidiki na kompyuta inayozima. Lakini pana mlango mmoja unaostahili kuogopwa, nao ni programu za kuamshia Windows bila leseni. Nyingi hukutaka uzime antivirusi kwanza, na baadhi huingiza vitu vyao ndani kabisa ya mfumo. Kuweka Windows juu ya ileile huviacha vilipo. Nakala yenyewe ya Windows nayo iangaliwe. ISO ya Windows 11 inazidi gigabaiti 5, bando si bei rahisi, kwa hiyo watu hupokezana nakala kwa flashi bila kujua ilitoka wapi wala nani aliichezea. Ni afadhali kutumia bando mara moja kwenye tovuti ya Microsoft.

Kwa upande wa vifaa, pima rami kwa mdsched iliyomo ndani ya Windows, au kwa MemTest86 kutoka kwenye flashi, usiku kucha. Kosa hata moja ni kosa, rami nzima haikosei. Soma afya ya diski kwa CrystalDiskInfo, inapatikana bure. Ikiandika tahadhari, nunua diski nyingine kabla ya kuhangaika na lolote. Na hapa kuna kipimo ambacho mafundi wachache hukitumia: fungua kidirisha cha amri kama msimamizi, endesha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth ukiwa na intaneti, kisha sfc /scannow. Zikikuta mafaili ya Windows yameharibika wiki moja tu baada ya kuwekwa mapya, jiulize nani anayaharibu. Jibu mara nyingi ni diski au rami. Hapohapo unaona kwa nini kuongeza rami, ushauri unaotolewa kila duka, hakuponyi kugoma. Rami kidogo huifanya mashine iwe nzito, rami mbovu huifanya igome, na kuongeza nzuri kando ya mbovu kunaiacha mbovu kazini.

Ukiwa na flashi ya pili, weka Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, juu yake na uwashe kompyuta kutoka hapo bila kuiweka kwenye diski. Itumie saa kadhaa, fungua video, fungua kurasa nyingi. Mfumo mwingine kabisa ukigoma kwa namna ileile, Windows haina kesi tena.

Fomati na Windows safi inakuja mwisho. Kabla ya hapo, kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, ile kufuli ya Windows ya kuficha yaliyomo kwenye diski, tafuta ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye akaunti yako ya Microsoft na uuandike kwenye karatasi, kwa maana mabadiliko madogo ya BIOS yanatosha kuifanya kompyuta iuombe. Windows ikishawekwa safi, usikimbilie kurudisha programu zako zote. Iache kama ilivyo siku mbili tatu, kisha ongeza kimoja kimoja, ukipisha muda kati yao. Ikianza kugoma baada ya kuongeza kitu fulani, umeshampata.

Na ikigoma ikiwa safi, rami imepimwa, diski ni mpya, feni inavuma vizuri na chaja ni nzima, kilichobaki ni bodi kuu, au pawa saplai kwa mashine ya mezani. Pawa saplai hubadilishwa kwa urahisi, jaribu hiyo kwanza, hata ya kuazima. Bodi ya laptopu ni habari nyingine: uliza bei ya kutengeneza na bei ya laptopu nyingine iliyotumika kabla hujakubali chochote, na ukiamua kuiacha, toa diski na rami nzima uondoke navyo, kama havikugandishwa kwenye bodi, maana huweza kuingia kwenye mashine nyingine inayopokea aina hiyo.